Kitoweo na Afya: Protini ya Mimea na Protini ya Wanyama katika Nyanda za Kano

Katika Kiswahili cha nyumbani mlo hugawanywa mafungu mawili: kile kinachoshibisha, kiwe ugali, wali au viazi, na kile kinachokiteremsha, ambacho huitwa kitoweo, au mboga kwa wazungumzaji wengi wa Kenya bara, hata pale mboga hiyo inapokuwa samaki mzima au nyama ya ng'ombe. Mgawanyo huo, ambao Kijaluo cha Ahero nacho kinaujua kwa kuitenga kuon, yaani ugali, na kila kinacholiwa pamoja nayo, haujali kama kitoweo kimechumwa shambani, kimevuliwa ziwani au kimechinjwa. Sayansi ya lishe, hasa ile ya karne ya 20, ndiyo iliyokuja na mpaka mwingine, ikaweka maharagwe ng'ambo hii na nyama ng'ambo ile, kisha ikauliza ni upande upi ulio bora kwa afya. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, halijibiki, kwa sababu ubora wa kitoweo hufuata pia aina ya nafaka inayoliwa nacho na umri wa mlaji. Na kwamba katika nyanda za Kano, magharibi mwa Kenya, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, wale wanaokihitaji zaidi kitoweo cha wanyama ndio ambao kwa desturi hukipata kidogo.

Ahero, mji wa nyanda hizo, unafaa kwa uchunguzi wa namna hii kuliko miji mingi. Mji huo uko kando ya mto Nyando, kilomita zipatazo 25 kutoka Kisumu kwenye barabara ya Nairobi, pale ambapo barabara ya Kisii huchepuka, na soko lake hupokea mazao ya mazingira yasiyofanana hata kidogo. Ziwa Victoria hutoa samaki wa omena, ngege na mbuta; katika mashamba ya umwagiliaji, ambayo mradi wake ulianza mwaka 1969, hutoka mchele; nchi za juu za Nandi na Kericho huleta maziwa na mahindi; mashamba madogo ya Kano hutoa kunde, ndengu na njugu karanga; na mitaro na vinamasi vinavyojaa mto unapovunja kingo zake hutoa mumi, ambaye ndiye kambare, pamoja na kamongo, samaki mwenye mapafu. Mnunuzi anayepita kati ya meza za soko hilo, ambako nafaka, kunde na omena hupimwa kwa mkebe ule ule wa gorogoro, anaweza kulinganisha vyanzo vyote viwili vya protini kwa hatua chache, ingawa bei anayotajiwa, kama itakavyoonekana, si gharama yote.

Protini ni kundi la kemikali zinazojenga misuli, damu, ngozi, vimeng'enya vya kusagia chakula na kingamwili za kupambana na maradhi, na kila protini imeundwa kwa kuunganisha vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Mwili wa binadamu hutumia asidi amino 20, ambazo 9 kati yake hauwezi kuzitengeneza na kwa hiyo lazima zitoke katika chakula. Hizo huitwa asidi amino za lazima. Jambo linaloutofautisha uundaji wa protini na uwekaji wa akiba ya mafuta ni kwamba mwili hauwezi kuendelea na ujenzi ikiwa hata moja tu kati ya hizo 9 imepungua. Fundi wa mitumbwi mwenye mbao tele na misumari michache ataunda mitumbwi kwa hesabu ya misumari, na mbao zinazobaki ataziteketeza kama kuni. Ndivyo mwili unavyofanya, kwani asidi amino zilizozidi zile zilizopungua huchomwa ili kupata nishati. Asidi amino iliyopungua kuliko zote katika chakula fulani ndiyo inayokiwekea mpaka, na ndiyo inayofaa kutazamwa kabla ya kuhesabu gramu.

Mahindi, ambayo tangu enzi ya ukoloni yamechukua nafasi kubwa ya mtama katika nyumba za Nyanza, yamepungukiwa na asidi amino mbili, lisini na triptofani. Katika kila gramu moja ya protini ya mahindi mna miligramu zipatazo 28 tu za lisini, ilhali kipimo kilichopendekezwa na wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2013, kwa watoto waliokwisha kupita umri wa miaka mitatu na kwa watu wazima, ni miligramu 48. Maharagwe, kunde na ndengu zina lisini inayozidi miligramu 60, lakini zenyewe zimepungukiwa na methionini, asidi amino ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Kwa hiyo nyoyo, yaani mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe, chakula ambacho kwingine Kenya huitwa githeri au pure, ni mchanganyiko ambao kila upande hufidia upungufu wa mwenzake, na waliouvumbua hawakuhitaji maabara. Wali kwa ndengu, ambao umeshika mizizi Ahero tangu mpunga ulipoanza kulimwa huko kwa wingi, hufuata kanuni hiyo hiyo, na ndivyo ulivyo wali wa maharagwe ya nazi wa pwani, tofauti ikiwa kwamba mchele una lisini nyingi kidogo kuliko mahindi.

Hesabu ya kiasi nayo huwashangaza wengi. Mtu mzima anahitaji protini gramu 0.83 hivi kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kulingana na ripoti ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007, maana yake mwanamke mwenye kilo 60 anahitaji gramu 50. Nusu kilo ya unga wa mahindi pekee ina gramu 40 na ushei. Mkulima anayekula ugali wa kutosha, akauongezea kibakuli cha maharagwe yaliyopikwa, ambayo kila gramu 100 zake hutoa protini gramu 8 au 9, amekwisha kukidhi haja yake, hata ikizingatiwa kwamba tumbo la mwanadamu husharabu kama asilimia 78 tu ya protini ya maharagwe na 85 ya mahindi, wakati ile ya samaki, nyama, maziwa na mayai husharabiwa kwa asilimia zipatazo 95. Kwa mtu mzima mwenye afya na mwenye shibe, basi, madai kwamba bila nyama hakuna nguvu hayana msingi katika hesabu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mambo ni mengine kabisa: tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, uji anaokunywa ni maji kwa sehemu kubwa, na hawezi kufidia udhaifu wa chakula kwa kula zaidi.

Isitoshe, protini haisafiri peke yake. Samaki na nyama huja na vitamini B12, ambayo mimea haina na ambayo upungufu wake hudhoofisha damu na mishipa ya fahamu. Huja na zinki. Na huja na madini ya chuma ya aina ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, mara nyingi zaidi ya asilimia 15 ya kilichomo, wakati chuma cha maharagwe na mboga za majani hupokelewa kwa kiasi kidogo kwa kuwa kimefungwa na fitati, kemikali ambayo mbegu huitumia kuhifadhia fosforasi. Mimea nayo huja na nyuzinyuzi, ambazo hakuna nyama wala samaki aliye nazo, pamoja na foleti. Ulinganisho wa vyanzo vya protini ukishuka chini ya jina la protini, huwa ni ulinganisho wa mizigo yote iliyobebwa na kila chombo, na mabishano mengi katika historia ya jambo hili yalitokana na kusahau hilo.

Historia hiyo ilianzia, kwa sehemu kubwa, hapa hapa Kenya. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha kazi ya John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya koloni la Kenya, iliyowalinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na mikunde. Wanaume wa Kimaasai walionekana kuwazidi wenzao wa Kikuyu urefu kwa inchi 5, uzito kwa ratili 23, na nguvu za mkono kwa karibu nusu. Wakikuyu walionekana kusumbuliwa zaidi na upungufu wa damu, vidonda na kasoro za mifupa, na Wamaasai kufunga choo na maumivu ya viungo. Utafiti huo uliheshimiwa mno, na Boyd Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo mwaka 1945, kisha akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Lakini msomaji wa leo hawezi kukosa kuona kilichoachwa nje ya mizani: watu hao wawili walitofautiana kwa nasaba, kwa maradhi ya maeneo yao na kwa ardhi iliyobaki mikononi mwao baada ya walowezi kuchukua yao, na kuyahesabia maziwa tofauti yote hiyo ni kumtwisha ng'ombe mzigo usio wake. Tena wanawake wa Kikuyu, ambao walikula mboga za majani kwa wingi kuliko waume zao, hawakuachwa nyuma na wenzao wa Kimaasai kwa kiasi kile kile, dalili ambayo ingefaa kufuatiliwa kwa bidii zaidi kuliko ilivyofuatiliwa.

Hofu ya upungufu wa protini ilipata sura ya kutisha zaidi katika ugonjwa wa kwashakoo. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, aliueleza mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja kwa jina la lugha ya Kiga lenye maana ya maradhi ya mtoto anayepokonywa nafasi mdogo wake anapozaliwa: miguu huvimba, nywele hubadilika rangi na kunyonyoka, ngozi huambuka, na mtoto hupoteza hamu ya kula na ya kucheza. Upande wa Ziwa Victoria ulio Uganda, hospitali ya Mulago mjini Kampala ikawa kitovu cha utafiti wa ugonjwa huo, na mwaka 1954 Hugh Trowell na wenzake wawili, Davies na Dean, wakatoa kitabu kizima juu yake. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa ukielekea kuamini kwamba dunia ya watu maskini ina pengo la protini, na kwamba maziwa ya unga na vyakula vya viwandani vingeliziba.

Ajabu ni kwamba mmoja wa waandishi hao watatu alikuwa tayari amepata ushahidi unaoelekea kwingine. Rex Dean, kabla ya kuja Kampala, alikuwa amewalisha watoto wa mji wa Wuppertal, katika Ujerumani iliyoharibiwa na vita, michanganyiko ya soya na nafaka badala ya maziwa, na katika ripoti yake ya mwaka 1953 akaonyesha kwamba protini ya mimea ikichanganywa kwa busara huweza kumkuza mtoto. Ufuasi wa wazo hilo ulionekana Mulago mwaka 1965, pale kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kilipofunguliwa ili mama aliyeleta mtoto mgonjwa akae naye na kufundishwa kupika kitobero, mchanganyiko wa ndizi au viazi, maharagwe au njugu, na, ikiwezekana, samaki, maziwa au yai kidogo, vyote vikiwa vyakula ambavyo angevipata akirudi kijijini kwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamati ya wataalamu wa kimataifa ilishusha makadirio ya protini anayohitaji mtoto, na pengo la protini likatoweka kwenye karatasi. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet makala kali iliyolishambulia jambo zima na kuliita fedheha kubwa ya protini. Watoto wengi waliodhaniwa kukosa protini walikuwa wamekosa chakula, na mwili usio na nishati huichoma protini kama kuni hata ingekuwa ya maziwa bora kabisa.

Kama mambo yangeishia hapo, mimea ingekuwa imeshinda. Yaligeuka tena Embu, chini ya Mlima Kenya, ambako kuanzia mwaka 1998 watafiti wakiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwachunguza watoto zaidi ya 500 wa shule 12 za msingi kwa muda wa miaka miwili, wengi wao wakipewa githeri shuleni. Shule nyingine zilipewa githeri iliyoongezwa nyama ya kusaga, nyingine githeri pamoja na glasi ya maziwa, nyingine githeri iliyoongezwa mafuta ili nishati iwe sawa, na nyingine hazikupewa kitu hadi mwisho wa utafiti. Hapo, kwa mara ya kwanza, ng'ombe alipimwa bila kutwishwa mizigo ya wengine: wote waliolishwa walikula mahindi na maharagwe, nishati ilikuwa ile ile, wilaya ilikuwa ile ile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba watoto wa kundi la nyama walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri kwa maumbo, walionekana wakichangamka zaidi uwanjani, na misuli ya mikono yao iliongezeka. Maziwa hayakuleta faida hiyo ya akili, ingawa yaliwasaidia kurefuka wale waliokuwa wadogo au wafupi kwa umri wao. Vitamini B12, ambayo zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa wamepungukiwa nayo mwanzoni, ilipanda kwa nyama na kwa maziwa pia.

Jambo ambalo halikupanda linastahili kuzingatiwa zaidi na watu wa Kano kuliko yale yaliyopanda. Madini ya chuma katika damu za watoto wa Embu hayakuonyesha nafuu, hata kwa waliokula nyama, na watafiti waliitazama malaria kama sababu mojawapo, kwa kuwa vimelea vyake huvunja chembe nyekundu za damu na kuufanya mwili ukifiche chuma kilichomo. Ahero, yenye mashamba ya mpunga yanayotuamisha maji na mbu wengi, imechunguzwa na wataalamu wa malaria kwa miongo kadhaa. Mzazi wa huko anayemnunulia mtoto maini ili aongeze damu, huku chandarua kikiwa kimetoboka, anajaza mtungi wenye ufa.

Ziwa ndilo linaloipa Ahero kile ambacho Embu haikuwa nacho, na katika ziwa samaki anayestahili nafasi ndefu ni omena, yule ambaye Tanzania humwita dagaa na Uganda mukene. Ni samaki wa urefu wa kidole, avuliwaye usiku kwa taa, akaanikwa juani na wanawake juu ya nyavu zilizotandazwa ufukweni. Akikauka, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa mzima, pamoja na kichwa, mifupa na matumbo, humpa mlaji kalisi, chuma, zinki na vitamini A ambavyo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiwango hicho. Gramu 10 za unga wa omena zilizokorogwa katika uji humpa mtoto wa miaka miwili protini ya gramu 5 na zaidi, karibu nusu ya mahitaji yake ya siku, tena yenye lisini ile ile ambayo uji wa mahindi umeikosa. Kwa kuwa lisini inayozidi hufidia upungufu wa nafaka, kiasi kidogo cha samaki huipandisha thamani protini ya sufuria nzima. Hapo ndipo kitoweo cha wanyama kinapofanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake, nacho hakihitaji kuwa kingi.

Mbuta ana hadithi nyingine. Aliletwa ziwani kutoka maji mengine katika miaka ya 1950 na mapema ya 1960, akaongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980, akala fulu, vile visamaki vya aina mamia vilivyokuwa kitoweo cha wanyonge, na kuzaa viwanda vya minofu vya Kisumu vinavyouza Ulaya na kwingineko. Kilichobaki kwa wenyeji ni mifupa yenye vichwa, ambayo katika mtaa wa Obunga hukaangwa kwa mafuta mengi na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi, jina lenye kejeli ambayo haihitaji kufafanuliwa. Kwa kipimo cha lishe mgongo wazi si chakula cha kudharauliwa, kwani nyama iliyobaki kwenye mifupa ni nzuri sawa na ile iliyopanda ndege; kinachoidhuru ni mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mara nyingi.

Maharagwe, ambayo Kijaluo huyaita oganda kwa neno ambalo pia lina maana ya umati wa watu, yana adui asiyetajwa katika majedwali ya lishe, naye ni moto. Yakichemshwa makavu huchukua saa mbili hadi tatu, na kwa familia inayonunua makaa kwa kopo, gharama ya kuyaivisha yaweza kukaribia bei ya maharagwe yenyewe, ilhali omena huiva kwa dakika chache. Tofauti hiyo hueleza uchaguzi wa mama wa mjini kuliko hotuba yoyote juu ya asidi amino. Wengi huongeza magadi ili yalainike upesi, na hulainika kweli, lakini magadi huiharibu vitamini B1. Dawa iliyo bora ni kuyaloweka usiku kucha na kuyamwaga yale maji, njia ambayo hupunguza muda wa jikoni, gesi tumboni na sehemu ya fitati kwa pamoja. Kuchachusha unga wa uji nako hupunguza fitati. Ndimu au nyanya katika mboga husaidia chuma cha mimea kupokelewa, na chai ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula, hukizuia. Desturi ya kumpa mtoto chai na mkate, iliyoenea nchini kote, hupoteza kwa njia mbili: chai huzuia chuma, na mlo wenyewe hauna kitoweo. Mboga za majani za kienyeji, mfano boo, ambayo ni majani ya kunde, osuga, ambayo ni mnavu, na dek, ambayo ni mgagani, zilidharauliwa kwa muda mrefu kama chakula cha shida hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango waliporejesha heshima yake kwa kuonyesha wingi wa virutubisho vyake.

Kitoweo kikishaiva huja mgawo, na hapo sayansi hukutana na mila. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya wanawake walikatazwa kuku na mayai, firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba, na kipande kikubwa cha samaki hufuata umri na jinsia, hata pale ambapo makatazo yenyewe yamekwisha kufa. Mtoto mdogo aliachiwa mchuzi, kwa imani kwamba nguvu ya samaki imeingia majini, ilhali protini ya samaki hubaki kwa samaki na mchuzi hubeba chumvi na ladha. Mwanamume mwenye miaka 50, ambaye mwili wake umekwisha kujengwa, hupata minofu. Mtoto mwenye miezi 15, ambaye ubongo wake unaendelea kuundwa, hupata maji yake. Udumavu, yaani ufupi unaotokana na lishe duni ya muda mrefu, ulipungua nchini Kenya kutoka asilimia 26 ya watoto walio chini ya miaka mitano mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, lakini mgawo wa sufuria haukaguliwi na takwimu hizo.

Hakuna haja ya kumhurumia mwanamume huyo akinyimwa minofu, maana ushahidi juu ya watu wazima unaelekea upande wa maharagwe. Hugh Trowell yule yule, aliyefika Kenya mwaka 1929 na Mulago mwaka 1935, na ambaye aliwalilia watoto wa kwashakoo wapewe maziwa, alirudi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa kasisi, kisha akatumia uzee wake kutetea chakula cha mimea. Akishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Lira na Mulago na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto, alidai kwamba uchache wa kisukari, magonjwa ya moyo na maradhi ya utumbo mpana aliouona kwa wagonjwa wake wa Kiafrika ulitokana na nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa. Baadhi ya madai yao yamerekebishwa, lakini kiini chake kimesimama. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, ukikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18, na nyama nyekundu ukaiweka katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuisababisha. Hatari hiyo ni ya mlaji wa kila siku. Nyama choma ya mara moja kwa mwezi Ahero haiingii humo, ingawa kwa mwenye jongo au figo dhaifu kiasi chake ni suala la kuzungumza na daktari. Hakuna ukinzani kati ya Trowell wa mwaka 1954 na yule wa uzeeni: wagonjwa wake wa kwanza walikuwa na umri wa miaka miwili, na wale wa pili miaka 50.

Tishio kubwa kwa kitoweo cha mtoto wa Kano kwa sasa halitoki kwa maharagwe wala kwa nyama, bali kwa kiwanda cha chakula cha mifugo. Sehemu kubwa ya omena anayevuliwa ziwani husagwa kulisha kuku na samaki wa vizimba, ambao hurudi sokoni kwa bei ambayo mnunuzi wa omena haiwezi. Kwa sababu hiyo kazi inayofanywa Bondo, katika Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, ya kutafiti wadudu kama chakula cha watu na mifugo, si mzaha hata kidogo. Kumbikumbi wamekuwa kitoweo cha msimu wa mvua pande hizi tangu zamani, na kila ndoo ya wadudu itakayolishwa kuku itaiachia meza ya binadamu ndoo ya omena.

Kalenda nayo ina ukali wake. Uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, na miezi hiyo ndiyo ile ambayo mahindi na maharagwe ya msimu uliopita yamekwisha ghalani na mapya bado yako shambani, majira ambayo Kijaluo huyaita ndalo kech, siku za njaa. Vyanzo vyote viwili hupungua kwa wakati mmoja, na mvua za masika huzuia hata omena aliyepatikana kukauka vizuri, akaoza au akashika ukungu. Omena aliyeanikwa juu ya vichanja, mbali na mchanga, katika jua la Januari na Februari, akawekwa ndani ya chombo kikavu kinachofungika, husubiri hadi miezi hiyo. Na gorogoro moja lake, likisagwa na kutumiwa kwa kijiko, humtosha mtoto mmoja kuvuka hadi kunde za kwanza zikomae.